Upepo wa Saa Nne

Jumatano, 28 Mei

Daftari hili nimelinunua kwa kazi moja tu, kumjibu Fides.

Leo Rabson, mwenyekiti wetu wa mtaa, ameniita ofisini kwake. Nimekuta karatasi mezani, na mwandiko ule naujua: herufi ndogo zilizobanana kama mishono yake. Fides ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Ameandika kwamba vumbi la uwanja wangu wa kuanikia mahindi linampandisha pumu, na anaomba mtaa uufunge au uuhamishe. Fides huyu huyu ambaye miaka kumi na mmoja iliyopita, nilipofika Tunduma kutoka Ikinga sina hata ndoo, aliniazima turubai lake nianzie maisha. Turubai moja. Leo ninayo ishirini na manne, na kila moja nimelipata kwa mgongo wangu.

"Mama Aliko, mimi sina upande," Rabson akasema. "Jumamosi ya tarehe 26 Julai tunakaa kikao. Njoo na maelezo yako."

Nikamwambia sitakuja na maelezo, nitakuja na namba.

"Namba za nini, za vikohozi?"

Ndiyo, za vikohozi. Alicheka peke yake.

Kwa hiyo niweke mambo sawa tangu mwanzo. Mahindi yakipita unyevu wa asilimia 13.5, wanunuzi hapa mpakani hawayagusi. Lori lililokataliwa linakuja kwangu. Namwaga juu ya maturubai, yanapigwa jua siku tatu au nne, yanageuzwa, yanaondoka yamekauka. Wenzangu wanageuza saa yoyote. Mimi nangoja saa nne asubuhi, upepo wa mashariki unapoamka. Kibarua wangu Maduhu na wenzake wawili wanayarusha juu kwa beleshi, upepo unachukua vumbi pamoja na ule ukungu wa kijivu, punje inarudi chini inang'aa kama imeoshwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa nikaangalia upepo mwaka mzima ndipo nikajua.

Nyumba ya Fides iko upande wa magharibi wa uwanja. Hilo sikulipanga mimi. Alijenga kabla yangu.

Safu za daftari ni nne: tarehe, tumegeuza au hatukugeuza, upepo, kuanzia 0 hadi 3, kwa kuangalia mfuko wa nailoni niliofunga juu ya mti, na vikohozi vya Fides kuanzia saa nne hadi saa sita, ninavyovisikia nikiwa nimekaa karibu na ukuta. Cherehani yake ikisimama, najua kinakuja.

Alhamisi, 29 Mei

Tumegeuza. Upepo 2. Vikohozi 27.

Jumapili, 1 Juni

Jumapili uwanja unalala. Maturubai yamefunikwa, hakuna anayegusa beleshi.

Jambo moja liandikwe, lisije likasahaulika siku ya kikao. Kila Jumamosi jioni tunafagia chini ya maturubai. Chenga, makapi na punje zilizovunjika najaza gunia moja, nalishona mdomo kwa uzi mwekundu, nalipitisha juu ya ukuta kwa ajili ya kuku wa Fides. Nimefanya hivyo miaka tisa. Jana pia nimempitishia, licha ya barua yake kwa mwenyekiti. Sikutaka aseme mimi ndiye niliyeanza.

Maduhu ndiye aliyenyanyua gunia. Ni mtu wa Msangano, kwao wanafuga, kila kitu anakipima kwa ng'ombe.

"Bosi, hizi chenga mwaka huu zina ukungu mwingi. Ng'ombe wa kwetu wangezinusa wakaondoka."

"Kuku hajui ukungu, Maduhu."

"Haya bosi. Mimi nimesema."

Jumatatu, 2 Juni

Jana sikuandika mwisho wake kwa sababu nilitaka kwanza nitulie. Jana, uwanja umelala, hakuna punje iliyorushwa, Fides amerudi kutoka misa ya kwanza na amekohoa mara 41. Arobaini na moja. Siku ambayo mimi sikufanya kitu.

Sasa aniambie vumbi la nani.

Alhamisi, 5 Juni

Tumekutana bombani. Nimemwacha achote kwanza kwa kuwa yeye ni mkubwa kwangu.

"Za nyumbani, Mama Aliko."

"Salama, dada Fides. Kifua?"

"Kifua unakisikia wewe. Mimi nimezoea."

Wanawake wawili nyuma yetu wakanyamaza ili wasikie vizuri. Nikamwambia ningependa aje kuniambia mimi kabla ya kwenda kwa mwenyekiti.

"Nilikuja mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza ulinijibu ni vumbi la malori. Ya pili, ni moshi wa mkaa wangu. Ya tatu ulikuwa unapima unyevu, hukuinua hata uso."

Akabeba ndoo yake. Alipumzika mara mbili kabla ya kufika kona, na kona ile ni hatua sitini.

Sikumbuki hiyo mara ya tatu.

Jumamosi, 7 Juni

Tumegeuza. Upepo 3. Vikohozi 36. Gunia limepita ukutani kama kawaida.

Jumapili, 8 Juni

Hatukugeuza. Vikohozi 38. Jumapili ya pili.

Jumatano, 11 Juni

Mvua za mwaka huu hazijui kuondoka. Mpaka wiki ya mwisho ya Mei zilikuwa bado zinanyesha, na watu walikuwa wameacha mahindi shambani yakaukie kwenye mabua kama wanavyofanya kila mwaka. Yakaloa yakiwa yamesimama. Leo Fuso mbili kutoka Msangano, kipimo kimesoma 21 na 22.4. Tulipofungua turubai la lori la kwanza harufu ikatoka kama ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Katikati mahindi yalikuwa ya moto. Yameota ukungu wa kijani na mwingine mweusi, yameshikana mabonge ukubwa wa ngumi.

Maduhu na wenzake wameyavunja mabonge kwa miguu. Moshi ulipanda. Si moshi, lakini sina neno jingine.

Vikohozi 52. Tumegeuza, ndiyo. Nimeandika.

Jumamosi, 14 Juni

Tumegeuza. Upepo 2. Vikohozi 22, vyembamba kuliko kawaida. Labda koo limekauka.

Jumapili, 15 Juni

Hatukugeuza. 44. Gunia la jana lilijaa kuliko yote.

Ijumaa, 20 Juni

Nimelala vibaya siku tatu. Maduhu Jumanne alirudi kwake na homa, akasema ni malaria. Jumatano akaja, akarusha mahindi hadi mchana, jioni homa tena, kifua kimembana. Jana hivyo hivyo. Nimeona hesabu ya ajabu: malaria gani inayongoja mtu amalize kazi? Leo nimempeleka zahanati mwenyewe.

Muuguzi anaitwa Imelda, mtu mfupi, haraka. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akamuuliza Maduhu kazi yake, Maduhu akamweleza saa nne, mabeleshi, upepo, kila kitu, kwa fahari kama vile anasimulia harusi yake. Imelda akaacha kuandika.

"Mnarusha mahindi yenye ukungu kwenye upepo?"

"Ndiyo yanakuwa meupe," Maduhu akasema.

"Na ule weusi unakwenda wapi?"

Maduhu akaniangalia mimi.

Imelda akatueleza, na nimeyaandika kwa sababu hakuyasema kwa kunikomoa. Ukungu unazaa kwa mbegu, ndogo kiasi kwamba moja moja huioni kwa jicho. Ule moshi ninaouona ni mamilioni yake. Vumbi kubwa linakwama puani, ukilipiga chafya limetoka. Mbegu hizi zinapita, zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu. Mtu mzima wa afya akivuta nyingi kwa mkupuo anapata homa na kubanwa, kama Maduhu, na akiendelea miaka na miaka mapafu yanakakamaa. Mwenye pumu hahitaji nyingi. Kwake kidogo kinatosha kufunga njia ya hewa. Na si lazima awe ndani ya vumbi. Upepo unazibeba.

"Mbona sasa jirani yangu anakohoa Jumapili, siku ambayo hatugeuzi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo.

"Jumapili sijui, mama. Jumapili uiulize mwenyewe."

Kisha akanifundisha kuhesabu pumzi, kwa sababu niliomba. Unaangalia kifua dakika nzima kwa saa. Mtu mzima aliyetulia, kumi na mbili hadi ishirini. Maduhu alikuwa na 24. "Ukiona imepita thelathini," akasema, "usikae unahesabu tena. Mlete."

Nimempa Maduhu siku nne za kupumzika. Amekasirika, anasema nimemfanya mgonjwa.

Jumapili, 22 Juni

Nimejumlisha asubuhi hii. Siku za kazi mpaka jana ni 21. Tumegeuza siku 17, na kati ya hizo vikohozi vimepita ishirini siku 15. Siku 4 hatukugeuza, vikohozi vimepita ishirini siku moja tu.

Mtu akiniletea hesabu hiyo kuhusu mwingine, nisingehitaji kuuliza zaidi.

Lakini Jumapili zipo. Leo 39. Jumapili nne, uwanja umefunikwa, na zote nne amekohoa kuliko siku nyingi za kazi. Hesabu iliyo na tundu la namna hiyo haijakamilika. Rabson hatakuwa na la kusema mbele ya Jumapili nne.

Najaribu kukaa, nasimama. Nimekwenda mlangoni mara sijui ngapi kuangalia mfuko wa nailoni. Umepigwa na upepo mpaka umechanika, nimefunga mwingine.

Jumatano, 25 Juni

Tumegeuza. 33.

Alhamisi, 26 Juni

Tumegeuza. 30. Dereva mmoja wa Zambia ameniuliza, akiniita mama kwa lugha yao, "Ba mayo, kila siku unaandika nini ukutani, unamdai mtu?" Nikamwambia ndiyo.

Jumapili, 29 Juni

Hatukugeuza. 43. Jumapili ya tano.

Jumatatu, 7 Julai

Ninaandika ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Jumapili ya jana sikwenda ibadani. Nilitaka Jumapili ya sita nihesabu vizuri, tangu mwanzo, bila kukosa kimoja. Saa nne na dakika tano nilikuwa kwenye kiti changu. Upepo 3, maturubai yalikuwa yanapiga makofi. Nikasikia Fides anafungua mlango wa nyuma. Nikasikia kuku. Kisha kitu kama mchanga unaokwenda na kurudi, shaa, shaa. Sikujali. Kikohozi cha kwanza, cha pili. Nilifika 29 saa nne na nusu. Halafu vikakatika.

Nilifurahi. Niandike ukweli wote humu: nilikasirika kwanza kwamba hesabu yangu ya sita itakuwa ndogo, halafu nikafurahi kwamba labda amepona. Kisha nikasikia mluzi. Mwembamba, wa kuvuta, wa kuvuta, hautoi.

Nikapanga magunia matatu matupu juu ya matofali nikachungulia.

Fides alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yake, mikono imekaza magoti, mabega yanapanda hadi masikioni. Mbele yake ungo. Pembeni gunia, mdomo wazi, uzi mwekundu umening'inia. Alikuwa anapepeta chenga ili kuku wapate punje bila vumbi. Uso wake ulikuwa mweupe wa unga wa chenga, nywele, kope, na midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

Na mimi nikaangalia saa. Mungu anajua. Nilisimama juu ya magunia yale nikamhesabu dakika nzima, kwa sababu mkono umezoea. Thelathini na sita. Ndipo sauti ya Imelda ikanirudia na nikaruka ukuta.

"Dada Fides, pampu yako ya pumu iko wapi?"

Akaonyesha kidole ndani. Hakuweza kumaliza neno. "Ime," akasema. "Ime." Imeisha. Niliitikisa, nyepesi kama ganda.

Nilimfuta uso kwa kanga iliyolowa maji, nikambeba. Ni mzito kuliko gunia la kilo mia, na magunia ya kilo mia nimebeba. Bajaji ya kwanza ilikuwa na abiria, nikamshusha abiria. Njia nzima foleni ya malori upande wetu wa kulia haikusogea, sisi tukapita pembeni kwenye mawe. Fides alinishika kifundo cha mkono. Kucha zimeacha alama nne.

Imelda alikuwa zamu. Wakamvisha barakoa ya mvuke wa dawa, wakamchoma sindano. Nilisimama pale nikiangalia kile kifua. Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na tatu.

"Alikuwa anafanya nini?" Imelda akaniuliza.

Nikasema, "Alikuwa amekaa tu nyuma ya nyumba."

Fides alifungua macho juu ya ile barakoa akaniangalia. Hakuwa na pumzi ya kusema, lakini hakutikisa hata kichwa.

Nilikwenda nje nikazunguka jengo mara mbili. Nikarudi. Nikamwambia Imelda, "Alikuwa anapepeta chenga za mahindi yaliyooza. Ni za kwangu. Nampa mimi. Kila Jumapili."

"Kila Jumapili," akasema, si kwa kuuliza. Akaandika kwenye kadi, akarudi kwa mgonjwa wake.

Jumatano, 9 Julai

Fides amerudi nyumbani jana. Gwantwa, mdogo wake, yuko naye.

Daftari liko mezani. Jumapili sita, ndizo zilizokuwa mashahidi wangu. Nimejikuta nafikiri: ninao uwezo wa kuzisoma kikaoni zilivyo. Tarehe, hatukugeuza, upepo, vikohozi. Kila namba ni kweli. Hakuna safu ya gunia. Sikuiweka kwa sababu niliona gunia ni wema, na wema nani anauhesabu?

Wanaojua ni mimi, Imelda, Fides na Maduhu. Imelda hafiki vikaoni. Maduhu atanyamaza nikimwambia. Fides alishanyamaza.

Nimetembea uwanjani mpaka Maduhu akaniuliza nimepoteza nini.

Alhamisi, 10 Julai

Nimechukua rula nikapiga mstari. Safu ya tano: gunia.

Jumapili, 13 Julai

Hatukugeuza. Upepo 3. Gunia hapana. Vikohozi 0.

Nilikaa kwenye kiti kwa muda wa saa mbili nzima. Sifuri. Kuku tu.

Jumatano, 16 Julai

Tangu Jumatatu tunageuza saa moja asubuhi, umande haujakauka, mfuko wa nailoni umelala kabisa. Hatutumii beleshi, tunavuta taratibu kwa reki za mbao. Hakuna kurusha. Maduhu ana barakoa nzito ambayo Imelda ametuelekeza, anasema anapumua kama yumo ndani ya buti.

Vikohozi: 11, 9, 12. Si sifuri. Ila wiki zile za upepo wa saa nne wastani ulikuwa 31.

Punje hazing'ai. Mnunuzi mmoja amezishika akazirudisha. "Mama Aliko, mahindi yako mwaka huu yamekuwa kama ya watu wengine."

Nilimkata jicho mpaka akapanda gari.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekataa lori. Nimesukuma mkono katikati ya mzigo, umetoka mweusi mpaka kiwiko. Dereva akasema nimeanza kujidai. Nikamwambia mzigo huu hata ukikauka utakuwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliyokauka, atafute mahali pa kuuzika, si pa kuuanika. Ametukana kwa Kinamwanga, akidhani sielewi. Nilimjibu kwa Kindali cha kwetu, naye hakuelewa. Tukawa sawa.

Jumapili, 20 Julai

Gunia hapana. Vikohozi 0.

Jumamosi, 26 Julai

Kikao kilianza saa tatu, maana yake saa nne kasorobo. Watu kama hamsini, wengi wao hawajawahi kuja hata kujadili maji. Walikuja kuona mimi na Fides tunavuana vilemba. Fides alikaa mbele, shali shingoni, Gwantwa pembeni yake. Rabson akasoma barua. Kisha akasema, "Mama Aliko alituahidi namba," na watu wakacheka kidogo.

Nilisimama nikasoma. Siku za kazi 33, kuanzia tarehe 29 Mei hadi 5 Julai. Tumegeuza kwa upepo wa saa nne siku 27, vikohozi vimepita ishirini siku 24. Hatukugeuza siku 6, vimepita ishirini siku moja. Mtu akanong'ona nyuma, "Huyu anajitetea au anajishtaki?" Nikaendelea. Jumapili sita uwanja umelala: 41, 38, 44, 39, 43, na ya sita 29 ikakatikia hapo.

Rabson akainua kichwa. "Kwa hiyo Jumapili si vumbi lako."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Alinifungulia mwenyewe.

"Jumapili ni vumbi langu kuliko siku zote," nikasema. "Lilikuwa kwenye gunia." Nikawaeleza uzi mwekundu, chenga, ungo. Nikawasomea Jumapili mbili zisizo na gunia. Sifuri, sifuri. Namba nilizisoma zote.

Kisha Fides akasimama.

"Mwenyekiti, nina sahihisho. Tarehe kumi na nne Juni kaandika ngapi?"

Nikatazama. "Ishirini na mbili."

"Kakosea. Tarehe kumi na nne nilikuwa Vwawa napeleka sare za shule. Aliyekohoa ni huyu niliyemwachia nyumba," akamshika Gwantwa bega. "Na huyu hana pumu. Hajawahi kuwa nayo."

Kuna aliyecheka, lakini mama mmoja wa nyumba ya nyuma ya Fides hakucheka. "Basi na mimi ungenihesabu," akasema. "Tangu Mei nakohoa, nasema ni baridi." Mwingine akasema mtoto wake macho yanavimba kila ikifika mchana. Mwingine, pua. Niligeuza ukurasa nikaanza kuandika majina yao, na nilipofika la saba nikagundua hakuna aliyeniomba.

Uamuzi: uwanja uhame kabla ya tarehe 9 Agosti, uende nje ya mji ambako upepo hauna nyumba ya kuingia. Bado nasema Rabson aliutamka kwa furaha iliyozidi, na mashine ya kusaga ya shemeji yake inatoa vumbi mchana kutwa, hilo hakulitaja mtu. Nimeliandika hapa.

Nje nilimkuta Fides anangoja pumzi zake zirudi kabla ya kutembea.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua ni zile chenga."

"Kuanzia Jumapili ya tatu nilihisi."

"Sasa kwa nini ulikuwa unazipokea?"

Akafunga shali vizuri. "Ulikuwa hunisalimii, Resti. Gunia ndilo lililokuwa linakuja peke yake. Ningelirudisha, ningebaki na ukuta."

Miaka mingi hakuna aliyeniita Resti. Nikamwambia twende polepole, kona ni hatua sitini.

"Umezihesabu na hizo?" akauliza.

Alhamisi, 7 Agosti

Safari nane za Fuso. Maturubai ishirini na matatu yako kule juu, nje ya mji, upande wa magharibi ni nyasi tupu mpaka macho yanapochoka. Kule maji hakuna, na usiku ataliangalia nani hili eneo sijajua. Maduhu anasema upepo wa kule ni mtamu, angerusha kidogo tu, nani ataona. Nimemwambia mapafu yake yataona.

Turubai la ishirini na nne ni lile la Fides. Limetobolewa na jua, halikaushi mahindi wala halizuii mvua. Nimelikunja nikalirudisha kwa mkono, kupitia mlangoni.

Jumapili, 10 Agosti

Uwanja mtupu unaonyesha udongo ambao sijauona miaka kumi na mmoja. Saa nne upepo uliamka kama kawaida, ukapita juu ya udongo, ukaenda zake. Nilijikuta nimekaa kwenye kiti karibu na ukuta, daftari mapajani. Sikuwa na cha kuandika na sikuweza kuondoka.

Cherehani haishoni Jumapili. Kuku walikuwa wanahangaika na pumba za dukani, hawajazizoea.

"Mama Aliko." Sauti ya Fides, upande wa pili. "Umeshika kalamu?"

"Ya nini?"

"Nauliza umeishika."

"Nimeishika."

"Andika kumi na nane. Nimejihesabu mwenyewe, dakika nzima, kwa saa ya Gwantwa."

Nimeandika. Upepo 3. Pumzi 18.